Mwosha naye huoshwa: tawasifu za picha, riwaya za mapenzi ya jinsia moja na siri za nyumba

MSOMAJI WA MWANGA (Kigoma)

Ndugu wasomaji, hamjambo. Mwishoni mwa masika mpwa wangu alikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam akaniletea boksi la vitabu alivyoachiwa na mpangaji aliyehama, na humo nikakuta vitu ambavyo nisingevinunua kwa fedha yangu mwenyewe: riwaya za picha, tawasifu, na hadithi za watu wanaopendana kwa jinsia moja. Nimevisoma vyote. Cha kwanza nilikifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani, kama tulivyokuwa tukifunika madaftari shuleni, kwa sababu nilikisomea barazani na jirani yangu hapitwi na jambo.

Kitabu hicho ni Fun Home cha Alison Bechdel, Mmarekani, kilichotoka mwaka 2006. Si kipya sana, lakini ndicho kilichovifungulia njia vingi vilivyofuata, na mwandishi mwenyewe hajaweka kalamu chini, kwani kitabu chake kiitwacho Spent kimetoka mwaka 2025. Ni tawasifu iliyochorwa kwa wino mweusi na kivuli cha kijani kilichofifia. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika mji mdogo wa Pennsylvania, na pia aliendesha biashara ya familia ya kuandaa maiti kwa ajili ya mazishi. Mwaka 1980 binti, akiwa chuoni, aliwaandikia wazazi wake barua kuwaeleza kwamba anawapenda wanawake. Mama akamjibu kwa kumfunulia kwamba baba naye alikuwa na mahusiano ya siri na wanaume, baadhi yao vijana wadogo. Na haikupita miezi mingi baba akagongwa na lori akafa. Binti anaamini kwamba alijiua. Hana ushahidi, na anakiri kwamba hana.

Katikati ya kitabu kuna kurasa mbili zilizojaa mchoro mmoja tu. Ni picha ya fotografia ambayo binti aliikuta katika mabaki ya baba yake: kijana aliyekuwa akiwaangalia watoto wa nyumba hiyo, amelala kitandani akiwa na chupi peke yake. Bechdel ameichora picha hiyo ikiwa imeshikwa na vidole vyake mwenyewe, na pembeni ameonyesha tarehe iliyochapwa na maabara, ambapo baba alijaribu kuufuta mwaka, 69, kwa wino, akauacha mwezi. Nilikitazama kile kidole gumba kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama kijana. Ni kazi ya mkono hodari, lakini ilinitia baridi, kwa sababu baba yule hakuulizwa.

Kwa upande mwingine nikasoma maandishi ya Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, aliyefariki mwaka 2019. Tawasifu yake ilitoka mwaka 2011, na Januari 2014 akachapisha mtandaoni sura aliyoiita iliyopotea, ambamo anamwambia mama yake, aliyekwisha kufa mwaka 2000, kwamba yeye ni shoga. Anaanza kwa kuonya kwamba mambo hayakutokea hivyo. Anajiweka kando ya kitanda cha hospitali ambako kwa kweli hakufika, kwa kuwa alikuwa Afrika Kusini. Huyu alijivua nguo mwenyewe. Hakumvua mwingine.

Nasema haya kwa sababu mimi nami nimekwama. Ninawaandikia watoto wangu maisha ya marehemu baba, aliyefanya kazi reli tangu ujana hadi alipostaafu hapa hapa Kigoma. Katika sanduku lake la bati nilikuta picha ya studio ambayo upande wake wa kulia umekatwa kwa mkasi. Baba amekaa kwenye kiti, na begani mwake kuna mkono wa mtu aliyeondolewa, umevaa saa. Siwezi kujua ni mkono wa mwanamume au wa mwanamke. Mama hataki kuizungumzia.

Basi naomba maoni yenu: siri ya mzazi aliyekufa ni ya nani? Na je, si afadhali mambo kama haya yakaachiwa hadithi ya kubuni, ambamo hakuna anayefunuliwa?


MWALIMU MSTAAFU (Tabora)

Mwangaluka kutoka Tabora. Kabla ya kuwagusa Wamarekani, naomba nianzie kabatini mwangu, maana nimefundisha historia miaka mingi na swali hili silioni kuwa geni.

Mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa katika Kiswahili ni ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoiandika kwa hati za Kiarabu baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, ikachapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Mtu huyu ana mizizi kwetu: baba yake aliishi Ituru, karibu na Tabora, na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ukimsoma utakutana na frasila za pembe, madeni, bunduki, njaa na safari za Manyema. Lakini ukitafuta kilichosemwa ndani ya nyumba usiku utatoka mikono mitupu, na wale watu walionunuliwa na kuuzwa wanapita katika kurasa kama mizigo. Hiyo nayo ni sitara. Kwa hiyo mimi siisifu sitara kabla ya kuuliza inamsitiri nani, kwa sababu mara nyingi anayefunikwa ni mwenye nguvu, na aliyeumia huachwa uchi.

Hata hivyo tusijidharau tukasema Mswahili hajaandika ya nyumbani. Shaaban Robert katika Maisha Yangu alimlilia mkewe Amina bila kuona haya, na humo humo akaweka utenzi wa Hati kwa bintiye na wa Adili kwa mwanawe. Wapo waliofuata nyayo zake kwa namna zao. Tawasifu ya Mzee Mwinyi, Mzee Rukhsa, iliyotoka mwaka 2021, angalau iliandikwa kwa Kiswahili, na kwa hilo namshukuru marehemu. Lakini tawasifu nyingi za wakubwa, nasema kwa heshima, husomeka kama taarifa ya makabidhiano ya ofisi.

Sasa nije kwenye vitabu vyako. Mjukuu wangu alinisomea katika simu yake Gender Queer cha Maia Kobabe, tawasifu ya picha ya mwaka 2019, ambayo Chama cha Maktaba cha Marekani kiliitaja kuwa ndiyo iliyolalamikiwa kuliko vitabu vyote nchini humo mwaka 2021, 2022 na 2023. Mwandishi hajioni kuwa mwanamume wala mwanamke, na sehemu kubwa ya taabu yake ni viwakilishi, kwani Kiingereza humlazimisha msemaji kuchagua kila anapomtaja mtu. Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu Kiswahili kingemaliza kurasa hizo kwa neno moja: yeye. "Amekuja, amekula, amelala." Nani aliyekuja? Hakuna haja ya kujua. Lakini baada ya kucheka nikaona kwamba mfasiri wetu angekwama mahali pengine, kwenye shangazi na mjomba, dada na kaka, wifi na shemeji; huko ndiko lugha yetu ilikoficha mkasi wake. Mtu asiyetaka kuitwa kaka wala dada ataitwaje na mdogo wake? Natamani kuona mwandishi wa Kiswahili akilishughulikia hilo, na ninaamini angetoa kitabu bora kuliko hicho, ambacho kwangu kinaeleza mno na kuonyesha kidogo.

Kuhusu baba wa Bechdel, wahenga wamesema mwosha huoshwa. Mtu yule aliwaosha na kuwavika wafu wa mji mzima, na zamu yake ilipofika akaoshwa na bintiye. Sioni dhuluma hapo.


BINT UJIJI

Mwalimu, shikamoo. Kaka wa Mwanga, salaam.

Mwalimu, umeichukua methali upande mmoja tu. Mama yangu mkubwa alikuwa mwosha wa mtaa wetu, na mimi nilimbebea maji tangu nikiwa msichana. Pazia hufungwa, mwili hubaki umefunikwa shuka hata wakati wa kumwagiwa maji, mkono hupita chini ya nguo, na kovu au alama yoyote utakayoiona hubaki nyuma ya pazia lile. Ndiyo maana wakasema aibu ya maiti aijuaye mwosha: aijuaye, hawakusema aitangazaye. Kwa kipimo hicho Bechdel ni mwosha aliyetoka nje na kusimulia, tena mama yake akiwa hai, kwa sababu kitabu kilitoka mama yupo, na cha pili, cha mwaka 2012, kinamhusu mama mwenyewe.

Lakini siwezi kumlaumu kabisa, kwa sababu moja ambayo kaka ameipita haraka. Baadhi ya waliokuwa na baba yule walikuwa vijana wa shule, na yeye alikuwa mwalimu. Hiyo si siri ya mapenzi. Ni mkubwa kumtumia mdogo, na mwosha anayekuta alama za kunyongwa shingoni haambiwi anyamaze. Nalitaja kwa sababu fasihi ya ukanda wetu inayachanganya mambo haya mawili mara kwa mara. Chukueni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994, ambayo sasa tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mnyapara wa msafara, Mohammed Abdalla, ni katili anayewaingilia vijana. Katika By the Sea ya mwaka 2001 mfanyabiashara Hussein anamrubuni kijana wa nyumba aliyokaribishwa. Gurnah ni bingwa, wala simfundishi kazi, na anachokionyesha ni madaraka yanavyomla mnyonge. Ila msomaji ambaye hajawahi kukutana na picha nyingine atafunga kitabu akidhani kwamba hiyo ndiyo sura pekee ya jambo lenyewe.

Picha hiyo nyingine niliipata kwa Waganda na Wanigeria. Monica Arac de Nyeko alishinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2007 kwa hadithi fupi ya wasichana wawili, Anyango na Sanyu, waliofumwa na jirani chini ya mti wa jambula. Jambula ni zambarau, na mimi nimekulia chini ya mzambarau, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa jinsi mdomo na nguo vinavyochafuka zambarau hata ukikana hukupanda mti. Hadithi ni barua ya mmoja kwa mwenzake aliyepelekwa London, na anayetisha humo si polisi wala kiongozi wa dini, ni Mama Atim, mwanamke wa mtaani mwenye macho na mdomo. Namjua. Kaka, bila shaka hata wewe unamjua. Ndiye aliyekufanya ukafunika kitabu kwa kalenda.

Filamu iliyotokana na hadithi hiyo, ya Wanuri Kahiu, iliitwa Rafiki, ikapigwa marufuku Kenya mwaka 2018, kisha mahakama ikairuhusu ionyeshwe kwa siku saba. Jina lile lilinigusa kwa sababu ya neno letu wenyewe. Mama zetu wakiitana "shoga yangu" walimaanisha mwandani, mwanamke wa kumwachia mtoto na ufunguo. Siku hizi nikilitamka mbele ya wanangu wanaangua kicheko, na Binyavanga kwa Kiswahili anaitwa neno hilo hilo. Kaka umelitumia hapo juu. Sijui kama ulisita.

Kuhusu hadithi ya kubuni, ninakubaliana nawe. Someni The Death of Vivek Oji ya Akwaeke Emezi, ya mwaka 2020. Mama anafungua mlango na kuukuta mwili wa mwanawe kibarazani umefunikwa kitambaa, na kitabu kizima anahangaika kuuliza kilichotokea, huku marafiki wa mtoto wakijua na kunyamaza. Mwishowe wanamletea picha ambazo hakuwahi kuziona, mtoto amevaa gauni, anacheka. Tawasifu haiwezi kuingia chumbani na mama yule akazitazama moja moja. Riwaya inaingia. Emezi ana tawasifu pia, Dear Senthuran, ya mwaka 2021, iliyoandikwa kwa barua. Niliisoma hadi mwisho kwa kujilazimisha.


MKAZI WA ISEVYA (Tabora)

Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini nashangaa wazee kama wewe mnajadili vitabu hivi kama vile ni vya kilimo cha tumbaku. Mambo hayo ni kinyume cha dini zetu, na Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu imeyakataza kwa adhabu inayofikia kifungo cha maisha. Kwa nini tuyape nafasi?


BINT UJIJI

Ndugu wa Isevya, sheria hiyo tunaifahamu, na hakuna hapa aliyemshauri mtu kuivunja. Swali la kaka lilikuwa kuhusu mzazi aliyekufa na picha iliyokatwa, na hilo lingebaki pale pale hata kama mkono ule ni wa mke wa pili, wa mtu aliyefungwa, au wa ndugu aliyekosana na ukoo kwa sababu ya shamba. Hata Rosa Mistika ya Kezilahabi ilizuiwa mashuleni kwa sababu ya mambo ya mwili, na baadaye ikafundishwa. Karibu usome kwanza, kisha tubishane juu ya kurasa.


MCHORA VIBAO WA GUNGU (Kigoma)

Nimefuatilia kimya kwa sababu mimi si mtu wa maneno mengi, lakini naona mmezungumzia riwaya za picha kama vile picha ni pambo. Mimi huchora vibao vya maduka na majina ya boti pale Kibirizi, na kuchora nilijifunza kwa kunakili Ndumilakuwili na Lodi Lofa kutoka jarida la Sani. Vibonzo vyetu vya Kiswahili ni hodari wa kumcheka mtu. Kumwacha mtu ahuzunike ndani ya kisanduku bila neno, hilo hatukufundishwa.

Ndiyo maana kilichonishika katika kitabu cha Bechdel si ile fotografia. Kwanza, huyu mwanamke, ili kuchora kila mtu, alijipiga picha mwenyewe akiwa amekaa kama yule mtu anayetaka kumchora. Maana yake alikaa kama baba yake alivyokaa, akainama kama alivyoinama, akaushika mkono namna ile, mara mamia. Hivyo, dada wa Ujiji, mimi sikubali kwamba alisimama nje ya pazia akapiga kelele. Mtu anayemsengenya mwingine hajisumbui kukaa katika kiti chake.

Pili, kuna ukurasa wa shajara yake ya utotoni. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi, akaanza kuogopa kwamba anachokiandika huenda si kweli, basi baada ya kila sentensi akawa anaandika kwa herufi ndogo "nadhani". Tulikula chakula, nadhani. Kisha akaona neno ni refu, akaligeuza kuwa alama kama paa la nyumba. Kisha paa likawa kubwa likafunika neno, na mwishowe likafunika ukurasa mzima. Amezichora tena kurasa hizo kwa mkono wa utu uzima, akiiga mwandiko wa mtoto. Nilipoona hivyo nikakumbuka jinsi babu alivyokuwa akimaliza kila hadithi ya vita na safari kwa kusema kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Ni paa lile lile. Maneno yakiandikwa kwa mashine hayana paa. Yote yanasimama sawa, ya kweli na ya kukisia. Mkono unaochora unaweza kutetemeka mahali panapostahili, na msomaji akaona.

Nikitaja kimoja ninachokipenda kuliko hicho, ni Aya de Yopougon, alichoandika Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie kuanzia mwaka 2005, kikasimama baada ya kitabu cha sita, kikarudi mwaka 2022. Ni Abidjan ya miaka ya sabini mwishoni, rangi za jua na vitenge, na mwisho wa kitabu wanakufundisha kupika mchuzi wa karanga, ambao sisi tungeutia migebuka. Humo yumo Innocent, msusi, anayempenda Albert kwa siri, na baadaye anahamia Paris. Innocent hakuwekwa pale awe somo. Anasuka nywele, anachekesha, anakosea. Ukimwondoa, mtaa unapungua mtu.

Kaka wa Mwanga, kuhusu ile picha ya mzee, usimtafute aliyekatwa wala usimbuni. Ichore kama ilivyo, na ule ukingo wa mkasi uuchore kwa uangalifu kuliko uso wa mzee, kwa sababu hapo ndipo mtu alipofanya jambo. Mkasi wa nyumbani huacha meno. Utaona kama mkataji alikata kwa pigo moja au alisita.


MSOMAJI WA MWANGA (Kigoma)

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa Ituru. Nilikuwa sijamfikiria Tippu Tip kama mtu aliyekuwa na nyumba. Dada wa Ujiji, ni kweli nilisita kwenye lile neno, nikaliandika, nikalifuta, nikalirudisha kwa kukosa jingine.

Ndugu mchoraji, baada ya kukusoma nililifungua sanduku tena, nikaipeleka picha dirishani. Mkasi haukupita mara moja. Kuanzia juu umekuja umenyooka hadi usawa wa bega, hapo ukasimama, ukapinda kidogo ukauzunguka ule mkono, ukaendelea chini. Kwa miaka yote niliyoijua picha hii nilidhani mkono ulibaki kwa bahati mbaya. Aliyekata aliuacha.

Mama alinikuta pale dirishani. Hakusema kitu, ila aliichukua, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akanirudishia, akaenda kupepeta mchele. Jumamosi nitakuja Gungu na picha yenyewe na karatasi nene. Penseli ninayo, mkono ndio sina. Uniambie tu nianzie wapi.